Mkasi wa Stima Ukigoma: Lisome Bati Kabla ya Kuifungua Mashine

Ilikuwa wiki ya mwisho ya likizo ya Desemba, ile wiki ambayo Kamukunji, soko letu la mafundi wa bati hapa Nairobi, haina pa kupitisha hata mkokoteni. Wazazi wanatafuta masanduku ya bati ya watoto wa bweni, na kila kibanda kinakata, kinakunja na kupiga ripeti mpaka giza liingie. Kijana wangu mmoja akanijia na mkasi wa stima mkononi, uso umemshuka.

"Mzee, mashine imekufa."

"Mota inazunguka?"

"Inazunguka."

"Kisu kinapanda na kushuka?"

"Kinapanda. Lakini haikati, inatafuna."

"Basi haijafa. Niletee kipande cha mwisho ulichokata."

Alisita kidogo, kwa sababu alikuwa ameniletea mashine nami naulizia chakavu. Alipokileta sikuhitaji bisibisi. Ukingo ulikuwa umepinda kuelekea chini kama karatasi iliyosukumwa chini ya mlango, bila hata alama moja inayong'aa. Jana yake tulikuwa tumekata bati la milimita 1.5 la dohani ya mkahawa, na nafasi kati ya visu tuliiweka 0.3 kwa ajili ya unene huo. Bati la masanduku lilikuwa la 0.4. Nafasi ilikuwa imekaribia unene wa bati lenyewe, kwa hiyo bati halikuwa na haja ya kukatika, lilijipenyeza tu. Tulikaza nafasi, tukajaribu kipande kingine, kazi ikaendelea. Kilichotuchelewesha ni skrubu nne za sanduku la gia ambazo kijana alikuwa amekwisha kuzifungua, na grisi iliyokuwa imeshikana na vumbi la chuma pale mezani.

Tangu siku hiyo hakuna mashine inayofunguliwa kibandani kwangu kabla kipande kilichokatwa hakijaangaliwa kwenye mwanga. Magonjwa mengi ya mkasi wa stima hayamo ndani ya mota. Yamo kwenye nafasi ya visu, kwenye makali, kwenye waya na kwenye mikono ya anayeushika, na karibu yote huacha alama kwenye bati. Nimeandika hapa malalamiko kama ninavyoyasikia kutoka kwa mafundi, na njia ninayopita kutafuta chanzo.

Jambo moja kabla ya yote: chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Ukiwa na mashine ya betri, toa betri. Visu hivi hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na kidole hakina nafasi ya kupona hapo. Ukingo wa bati lenyewe usiupime kwa kidole gumba. Vaa glavu za ngozi na utumie macho.

Kwanza ujue mkasi wako ni upi

Watu hutaja mashine tatu kwa jina moja. Ya kwanza ina kisu kimoja kinachopanda na kushuka kando ya kisu kingine kilichotulia. Hukata bila kutoa taka, lakini upande mmoja wa bati hupinda ili kuipisha mashine. Ya pili ina visu vitatu: cha kati hupita baina ya viwili vya pembeni na kutoa utepe mwembamba wa bati, wenye upana wa milimita 5 au 6 hivi, huku pande zote mbili zikibaki zimenyooka. Ya tatu ni nibla, ambayo haikati kama mkasi bali hutoboa vipande vidogo vyenye umbo la mwezi mwandamo, kimoja baada ya kingine.

Kwenye mwili wa mashine kuna bamba lenye maandishi. Lisome. Ikiwa limeandikwa 1.6, hiyo ni milimita za chuma laini cha kawaida. Stenlesi ni ngumu zaidi, hivyo mashine hiyohiyo kwa kawaida huishia kwenye 1.2. Alumini ni laini na inaweza kufika 2.5 hivi. Fundi anayekata stenlesi ya 1.5 kwa mkasi wa 1.6 akidhani amebakiwa na nafasi, kwa kweli amevuka mpaka kitambo, na ugonjwa atakaouona ni visu vilivyomegeka.

Pia usikubali geji, ile namba ya unene wa bati, ya mdomoni. Ukiambiwa dukani kwamba bati ni la geji 28, kumbuka namba ikipanda unene hupungua, kisha lipime mwenyewe kwa venia, kile kipimo chenye taya kinachobana bati na kuonyesha unene wake. Nimewahi kununua mabati kumi kwa jina la geji moja nikapata unene wa aina mbili ndani ya bunda moja, na nafasi ya visu iliyolifaa bati la kwanza haikulifaa la mwisho.

Ukingo unasema nini

Kata kipande cha urefu wa shubiri moja, kwa mwendo wako wa kawaida. Kigeuze kwenye mwanga, na kama bati ni jembamba, tumia kamera ya simu na ukuze picha. Ukingo mzuri una sehemu tatu. Juu kabisa kuna mviringo mdogo pale kisu kilipoanza kubonyeza. Chini yake kuna ukanda laini unaong'aa, ambao kwenye chuma laini huwa kama theluthi ya unene. Sehemu iliyobaki ni ya kijivu, yenye chembechembe, kwa sababu hapo bati halikukatwa na kisu bali lilivunjika lenyewe kisu kilipokwisha kulilemea. Mwishoni kuna miba midogo sana ambayo tupa moja nyepesi inaiondoa.

Mviringo wa juu ukiwa mkubwa na miba ya chini ikiwa mirefu, ikinasa nguo unapoipitisha ukingoni, nafasi ya visu ni pana mno au makali yamekwisha. Ukiona ukanda unaong'aa, kisha kijivu, kisha ung'aavu tena, nafasi imebana mno. Bati linakatwa mara mbili na mota inafanya kazi ya ziada. Ukiona kijino kilekile kikijirudia kwa umbali uleule ukingo mzima, kisu kimemegeka mahali pamoja. Na ukiona mikato mizuri kwa sentimita kadhaa, kisha mibaya, kisha mizuri, angalia mikono: anayesukuma anasukuma kwa mishtuko.

Hiyo ndiyo alfabeti.

"Bati linakunjika badala ya kukatika"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na kwenye bati jembamba chanzo karibu kila mara ni nafasi. Kanuni ninayoitumia ni kwamba nafasi ya ubavuni kati ya kisu cha juu na cha chini iwe kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano ya unene wa bati. Kwa bati la milimita 1.5 hiyo ni 0.15 hadi 0.3. Kwa bati la 0.4 ni 0.04 hadi 0.08, yaani unene wa unywele wa kichwani. Kama kitabu cha mashine yako kina jedwali lake, kitabu ndicho chenye neno la mwisho, kwa kuwa kila mtengenezaji amevipa visu vyake pembe yake.

Nafasi hupimwa kwa fila, yale majani membamba ya chuma yenye unene unaojulikana, ile ile ya makanika wa magari wanaorekebisha vali. Legeza bolti ya kisu cha chini au cha pembeni, kutegemea mashine, ingiza jani la fila lenye unene unaoutaka, sukuma kisu mpaka kiliguse, kaza bolti, kisha pima tena. Kupima tena ndiko watu wanakoruka. Bolti inapokazwa huvuta kisu kidogo, na kwenye bati jembamba "kidogo" hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Visu visigusane kamwe. Kabla ya kurudisha plagi, kama mashine yako inaruhusu kuzungushwa kwa mkono, izungushe mzunguko mzima ukisikiliza. Chuma kikigonga chuma, legeza uanze upya. Kisu kilichogonga mwenzake mara moja kwa kasi kamili hakirudi kama kilivyokuwa.

Ikiwa nafasi ni sahihi na bado bati linakunjika, angalia makali. Kisha angalia kama mashine inashikwa ikiwa imelala upande. Ukiiinamisha, bati huingia kati ya visu kwa mshazari na nafasi uliyoipima haina maana tena. Soli ya mashine ilale juu ya bati muda wote. Na usiweke mabati mawili pamoja ukidhani 0.4 na 0.4 ni 0.8. Huteleza moja juu ya jingine, la chini linakunjika, na lawama inarudi kwa mashine.

"Ukingo una miba, lazima tupa baada ya kila mkato"

Anza na nafasi, kwa sababu kuipima hakugharimu chochote. Ikiwa ni sahihi, tatizo ni makali.

Visu vya mikasi mingi ya stima ni vya mraba, na kila kona ina makali yake. Makali ya mbele yakichoka unafungua bolti, unageuza kisu robo mzunguko, na unapata makali mapya bila kutoa shilingi. Geuza kisu cha juu na cha chini kwa pamoja. Nimeona mafundi wakitupa visu vilivyotumika upande mmoja tu, na hilo huniumiza kwa sababu jozi ya visu ni pesa ya siku kadhaa za kazi. Andika namba kwenye kona kwa maka, ile kalamu ya wino usiofutika, moja hadi nne, ili ujue umetumia zipi. Kona zote zikiisha, badilisha vyote viwili. Usivinoe kwenye grainda ya mezani: joto huondoa ugumu wa chuma cha kisu, na umbo likibadilika hata kidogo nafasi haiwi sawa juu na chini.

Unaponunua visu, Kirinyaga Road au kwingineko, nenda na kisu cha zamani mfukoni ukilinganishe kwa venia, unene na tundu la bolti. Niliwahi kuuziwa jozi iliyong'aa kuliko ya asili, ikakata masanduku mawili na ukingo ukaanza kuonyesha miba. Nilipoikwaruza kwa tupa, tupa iliuma. Kisu cha kweli kimepikwa kikawa kigumu. Tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Siku hizi tupa ndogo haikosi mfukoni ninapokwenda kununua, na huomba ruhusa ya kujaribu kwenye ubavu wa kisu, mbali na makali.

Makali huishi zaidi ukipaka mafuta ya mashine kwenye mstari kabla ya kukata. Kwa alumini hili si hiari. Alumini ni laini, hunata kwenye kisu, na baada ya mita kadhaa unakata kwa alumini iliyoganda badala ya kukata kwa chuma. Mafuta mepesi au mafuta ya taa yaliyopakwa kwa kitambaa yanatosha. Yapake kwenye bati mashine ikiwa imezimwa, na yasimwagike kwenye matundu ya mota.

Kijino kinachojirudia, kama nilivyosema, ni kisu kilichomegeka. Kigeuze, lakini pia utafute kilichokimega, la sivyo kona mpya itafuata njia ileile. Mara nyingi ni mshono wa kuchomelea, ripeti, au mshono wa pipa.

Na hapa sina budi kusimama. Mafundi wengi wa Nairobi hupata bati lao kwenye mapipa ya mafuta, na ni bati zuri. Lakini pale juu na chini pipa limekunjwa tabaka kadhaa, na mkasi wa stima haukuumbwa kupita hapo. Mshono huo uondoe kwa tindo na nyundo, ndipo ukate mwili wa pipa kwa mashine. Tena pipa lililobeba petroli, tina ya kuchanganyia rangi, au rangi yenyewe, usilisogelee kwa mashine ya stima hata kama limeoshwa. Mota yenye kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka, hutoa cheche ndani yake kila sekunde inapozunguka, hata kama kisu chenyewe hakitoi, na mvuke uliojificha kwenye mshono hauhitaji zaidi ya hapo. Kazi ya pipa la namna hiyo iache kabisa.

"Inanitoa kwenye mstari"

Kwa mkasi wa visu viwili, swali la kwanza ni upande gani unapinda. Mwili wa mashine lazima upite mahali, na upande mmoja wa bati ndio unaoupisha. Panga kazi ili upande huo uwe wa kutupwa au ule mwembamba. Ukiulazimisha upande mpana kupinda, utaisukuma mashine kando, nawe utakuwa unapigana nayo mstari mzima.

Swali la pili: bati limelazwa juu ya nini? Bati la mita tatu likining'inia mwisho wa meza hujifunga juu ya visu, na mashine hufuata mkunjo wa bati wala si mstari wako. Weka viegemeo viwili, au umwite mtu ashike huku akitembea nawe. Asivute. Kuvuta kunapindisha kama kuning'inia.

Kona ya mviringo ina kiwango chake. Kila mashine ina duara dogo kabisa inaloweza kukata, na ukilazimisha dogo zaidi visu hubanwa ubavuni, bolti hulegea, na baada ya hapo hata mstari ulionyooka unapotea. Kwa mviringo mdogo, tumia mkasi wa mkono.

Kuhusu kuchora mstari: kwenye bati lililopakwa zinki au rangi, usitumie msumari upande utakaobaki. Mkwaruzo huo ndipo kutu itakapoanzia mvua za Machi zikija. Tumia maka.

"Inachoka, inanguruma, inapata moto"

Ukingo ukiwa mzuri lakini mwendo ni wa kobe, bati limekwisha kukujibu: visu ni vizima. Fuata waya.

Mkasi wa wati 500 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 2 na kidogo. Hiyo si kitu. Shida ni kwamba kwenye vibanda vyetu hauko peke yake. Chukua ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa shaba wa milimita mraba 0.75, zile nyembamba zinazouzwa kwa matumizi ya redio na simu. Stima huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za waya, na ukinzani wake ni omu 2.3 hivi. Jirani akichomeka grainda kubwa ya wati 2,000 kwenye ekstensheni hiyohiyo, mnavuta ampea 10 pamoja. Volti 23 zinapotelea njiani, na wati 230 zinageuka kuwa joto ndani ya waya. Ikiwa waya bado umeviringwa kwenye ringi yake, joto hilo halina pa kutokea. Plastiki inalainika, na moto huanza hivyo. Kama waya si shaba tupu bali alumini iliyopakwa shaba, hali ni mbaya zaidi.

Dawa ni rahisi kuisema: waya wa milimita mraba 1.5 au 2.5, mfupi uwezavyo, umefunguliwa wote, na grainda iwe na soketi yake. Kujua kama hilo ndilo tatizo lako, beba mashine uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ikiamka, umepata mgonjwa halisi. Mwenye multimita apime volti kwenye mwisho wa ekstensheni wakati mashine inakata, siyo ikiwa imetulia, kwa kuwa waya mbovu huonyesha volti nzuri mpaka uupe kazi.

Ikichoka hata ukutani, angalia matundu ya hewa. Vumbi la chuma na la barabara huziba njia ya feni, na vumbi la chuma hupitisha stima, kwa hiyo likifika kwenye waya za mota linaweza kuiua. Lipulize kila jioni kwa hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani. Baada ya hapo ni kaboni, ambazo nitazifikia, kisha grisi ya gia iliyokauka. Grisi mpya iwe kiasi cha kufunika meno ya gia. Ukijaza sanduku lote, grisi hukosa pa kwenda na hupenya mpaka kwenye mota.

"Haiwaki kabisa"

Chomeka taa au redio kwenye soketi ileile. Ikiwaka, rudi kwenye plagi. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ndani, na hiyo ndiyo ya kwanza kupima. Usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Kwa mashine ya wati 500, fyuzi ya ampea 3 au 5 inatosha. Ya 13 itaacha waya mwembamba uungue kabla yenyewe haijakatika.

Kisha waya, hasa pale unapoingia kwenye mpini. Hapo hukunjwa kila siku mpaka nyuzi za ndani zinakatika huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Ukisikia mashine inawaka na kuzima unapogeuza mkono, ni hapo. Kata sehemu hiyo na uufunge waya upya ndani ya mashine. Usiuunge kwa utepe katikati. Swichi hufuata, na vumbi ndilo adui yake. Mwisho ni kaboni zilizokwisha kabisa hadi hazigusi tena.

"Inatoa cheche nyuma"

Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni kawaida. Cheche nyekundu na ndefu, zenye harufu, si kawaida.

Toa kaboni zote mbili. Nyingi zina mstari wa kikomo. Zisipokuwa nao, ukiona zimebaki milimita 5 au 6, zibadilishe, na zibadilishwe pamoja. Kaboni mpya iteleze ndani ya kishikio chake bila kukwama na bila kuyumba. Zile zinazouzwa kuwa zinafaa kila mashine, ukizisugua kwa msasa mpaka ziingie, hukaa mshazari na kuchoma amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Baada ya kuziweka, iache mashine izunguke bure dakika chache kabla ya kuipa bati, ili kaboni zishike umbo la mviringo wa amecha.

Kama cheche zinaendelea na zinazunguka amecha yote kama pete ya moto, zima mara moja. Hapo kuna waya zilizogusana au kukatika ndani ya amecha. Kuisuka upya kunawezekana, na Nairobi ina mafundi hodari wa kusuka mota, lakini uliza bei ya amecha mpya kwanza, na uliza aliyesuka kama anaisawazisha. Amecha isiyosawazishwa itakula beringi kabla ya mwezi kwisha.

Mlio wa ajabu nitaupitia haraka. Mlio wa kusaga unaoongezeka mashine ikipata joto ni beringi. Mlio wa kugonga unaofuata mwendo wa kisu ni bolti ya kisu iliyolegea, au ekseli inayokipandisha kisu imelika. Bolti ianze, kwa kuwa inachukua dakika moja.

Nibla ina magonjwa yake

Nibla hupita vizuri kwenye mabati ya mikunjo ya paa, mahali ambapo mkasi wa visu viwili hukwama, mradi uishike wima dhidi ya bati kila inapopanda na kushuka mkunjo. Ikikwama, karibu kila mara ni kipande cha mwezi kilichonasa kwenye tundu la chini. Chomoa plagi, kisukume nje kwa msumari butu. Ikirudia, makali yamekwisha au unakata alumini bila mafuta. Ikivunja kitoboleo, ulikuwa unageuza kona ukiwa umesimama. Nibla lazima isonge mbele kidogo ili ipinde.

Vile vipande vya mwezi vifagie kwa sumaku kila jioni. Huingia kwenye tairi za mikokoteni na kwenye nyayo za watoto wanaopita na ndala, na vidonda vyake ni virefu kuliko vinavyoonekana.

"Kwa nini nisitumie grainda tu?"

Huulizwa hivi kila mkasi unapogoma, na jibu limo kwenye ukingo vilevile. Diski ya grainda huchoma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za selsiasi, na diski hupita hapo kwa urahisi, hivyo ukingo hubaki uchi. Bati jembamba lililokatwa kwa mkasi lina zinki mpaka ukingoni kabisa, na zinki hiyo hujitoa yenyewe kulinda ule mstari mwembamba wa chuma. Zaidi ya hayo, chembe za moto kutoka kwenye grainda huruka na kunata kwenye rangi ya paa, na mvua mbili baadaye kila chembe ni doa la kutu. Mteja hurudi akidai umemuuzia bati bovu. Moshi wa zinki nao humpa fundi homa na maumivu ya mwili jioni, ambayo wengi huidhania malaria. Ikibidi utumie grainda, fanya hivyo uwanjani penye upepo, funika rangi, na upake ukingo rangi ya zinki siku hiyohiyo.

Kibandani kwangu kuna waya umetundikwa ukutani karibu na meza ya kukatia, na vipande vimechomekwa humo kama mishikaki. Kila kimoja kilikatwa siku ambayo mkasi ulikuwa mzima, na juu yake kimeandikwa kwa maka: unene, nafasi ya visu, kona ya kisu, tarehe. Ukingo ukianza kukutia shaka, chukua kipande cha unene huohuo ukiweke kando ya ulichokata sasa hivi, vyote viwili kwenye mwanga wa mlango. Tengeneza vya kwako wiki utakayoweka visu vipya, kabla makali hayajachoka.